Venye unaweza kurudisha albamu ya metali iliyopotea kwa santuri, ukiwa Nakuru

Ukiwa na albamu ya zamani ya hevi metali ambayo labda watu ishirini pekee ndo bado wanaikumbuka, na roho yako inakuambia lazima itoke kwa santuri, anza na watu. Kiwanda kitangoja. Mimi nilifanya kinyume, niliandikia viwanda vya Ulaya kuuliza bei kabla sijajua hata mwenye nyimbo ni nani, nikakaa na hizo bei kwa emaili miezi saba bila kazi, na ndani ya hiyo miezi saba mama ya mpiga besi akahama nyumba akigawa vitu vya marehemu. Nusura tupoteze kila kitu.

Albamu yenyewe ilirekodiwa hapa Nakuru 2004, mtaa wa Section 58, kwa nyumba ya nyuma, magodoro yameegemezwa dirisha ndio majirani walale. Vijana wanne, nyimbo saba, dakika 38. CD kama hamsini zilichomwa kwa saiba na kuuzwa mlangoni siku za shoo, alafu bendi ikaisha venye mabendi huisha, mmoja akaenda Eldoret, mmoja Marekani, mpiga besi akafariki 2011. Mimi nilikuwa tu kijana wa kubeba ampu. Lakini huo muziki haujawahi kunitoka kichwani.

Vijana wa sasa hawajui, lakini 1994 Rais Moi aliunda tume kabisa ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, na miaka mingi baadaye ukipita mjini na tishati nyeusi yenye fuvu bado ulikuwa unaombewa kwa nguvu. Shangazi ya mpiga dramu alichoma katoni nzima ya zile CD nyuma ya nyumba. Simlaumu, aliogopa kwa dhati. Nasema hii juu ukitafuta kopi za muziki kama huu Kenya usiulize tu mtu kama ako nayo, muulize aliificha wapi. CD yetu iliyo safi zaidi nilipata kule mahali panaitwa Bahati, ndani ya kava ya CD ya kwaya.

Na usiseme hakuna mtu atasikiza. Wazambia walikuwa na rock yao nzito ya miaka ya sabini, bendi kama WITCH na Ngozi Family, zikasahaulika, leo santuri zao zimechapishwa upya na zinanunuliwa dunia nzima. Duma, wale wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala, na watu wa mbali kabisa wakaitafuta. Watu wako. Shida ni kuwafikishia kitu kimefanywa vizuri.

Sasa haki. Haki ziko tatu na watu huzichanganya sana. Kuna wimbo wenyewe, yaani aliyetunga maneno na muziki. Kuna rekodi, ule mlio ulionaswa siku ile. Alafu kuna mchoro au picha ya kava. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi, na huyo anaweza kuwa si muimbaji na si fundi wa mitambo. Kwetu alikuwa binamu ya mpiga gitaa, ndo alikodi mashine na kulipia siku tatu. Hakuna mtu alikuwa anamfikiria! Bila sahihi yake tungekuwa tunachapisha kitu cha wizi. Na usijidanganye ati ni ya zamani, rekodi inalindwa miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hivyo ya 2004 iko na mwenyewe mpaka 2054, na utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi plus miaka 50.

Kama mmoja wao amefariki, haki zake ziko kwa mali aliyoacha, na familia ikiwa haijawahi kufungua faili ya urithi mtaanzia kwa chifu mpate barua alafu muende kortini. Inachukua muda, anza mapema. Na enda mwenyewe, usipige simu. Sisi tulipanda matatu ya asubuhi mpaka Kisumu, tukamtafuta mama kwa nyumba yake mpya Manyatta, na kabla hatujasema lolote akatuangalia mmoja mmoja akauliza, "Nyithinda (wanangu), mlikuwa wapi miaka hii yote?" Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai, tukakaa, tukamwonyesha picha za shoo, na biashara ikaongelewa baadaye, saa tisa ya mchana, wakati yeye mwenyewe aliiuliza. Akaingia chumbani akarudi na bati la biskuti. Ndani kulikuwa na peki za gitaa, kitambulisho, na kaseti mbili.

Makubaliano yaandikwe. Sheria inasema leseni ya kipekee au kuhamisha haki bila maandishi yaliyotiwa sahihi na anayetoa haina nguvu, kwa hivyo hizo za "tumeelewana bro" kwa WhatsApp wachana nazo. Yetu ni kurasa mbili: santuri peke yake, kopi 300 peke yake, miaka mitano, ikiisha kila kitu kinarudi kwao. Hatukununua haki, tulikodi, na nakuomba usinunue, hata wakikubali bei ya chini, hasa wakikubali bei ya chini. Gharama ikirudi kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu kati yenu na bendi, na kila mmoja au familia yake anapata kopi kumi siku ya kwanza bila kungoja hesabu. Alafu sajili kazi kwa mtandao wa KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, na uliza kama kuna mtunzi ni memba wa MCSK, chama cha hakimiliki za muziki, juu hapo kuna haki wanaweza kuwa walishaikabidhi. Kama kuna wimbo wa bendi nyingine mlirudia, huo unahitaji leseni yake, kama huwezi kuipata mtoe wimbo.

Haya, kaseti. Hapa ndo roho ya kazi iko, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Tafuta chanzo kilicho karibu zaidi na siku ya kurekodi. Tepu ya vipande ambapo kila ala iko peke yake, ikikosekana tepu ya miksi ya mwisho, yaani ala zote zikiwa zimeshachanganywa pamoja, ikikosekana CD, na MP3 iwe ya mwisho kabisa ukiwa umetafuta kila nyumba. Ya kwanza kwa lile bati ilikuwa TDK ya dakika 90 imeandikwa kwa biro "MIX FINAL usifute". Ya pili haikuwa na maandishi, na tulipoiweka kwa deki ya kawaida ilicheza polepole kama mtu analala, dramu na besi tu, na ukigeuza upande wa B unasikia gitaa na sauti zikienda kinyumenyume. Kijana tuliyekuwa naye akasema imeharibika. Haikuwa imeharibika! Zile mashine ndogo za kurekodi njia nne kwa kaseti hutumia pande zote mbili za tepu kwa mwelekeo mmoja, na nyingi huenda mara mbili ya spidi ya kawaida, kwa hivyo kile tulikuwa tunasikia ni zile njia nne zenyewe, ndo ile tepu ya vipande kabla ya miksi. Ukisikia kitu kama hicho simamisha, toa kaseti, tafuta mashine ya aina ile ile, na ujue ilirekodiwa na mfumo gani wa kupunguza mvumo, dbx ama Dolby, juu ukicheza bila huo mfumo mlio utatoka umepotoka. Tuliipata moja imelala stoo ya kanisa.

Kabla ya kucheza kaseti yoyote ya zamani iangalie mdomoni. Kuna kipande kidogo cha sponji kimeshikwa kwa chuma chepesi, kazi yake ni kusukuma tepu igusane na kichwa cha deki, na gamu yake hukauka kikadondoka. Ya kwetu ilikuwa inacheza huru ndani kama punje ya mchele. Ukicheza hivyo unapata mlio wa mbali, unakuja na kupotea, na utafikiri tepu imekufa. Kaseti yenye skrubu unafungua na kuhamisha tepu kwa ganda jipya, ile iliyoshikanishwa bila skrubu unaipasua pole pole kwa ukingo wa kisu. Fanya asubuhi vumbi likiwa bado chini, hapa Nakuru si unajua upepo wa mchana, mwaga maji sakafuni kwanza. Osha kichwa cha deki kwa alkoholi ile safi ya isopropili.

Alafu kuna kaskrubu kando ya kichwa cha deki kanachokipinda kidogo sana kushoto na kulia. Kila deki iko na pembe yake, na kaseti yako ilirekodiwa kwa pembe ya deki ile ya 2004. Weka hedifoni, unganisha kushoto na kulia zikuwe mono, zungusha hako kaskrubu kidogo kidogo ukisikiza matoazi. Yanatoka kwa ukungu, yanatoka, yanatoka, alafu ghafla yako mbele yako yanang'aa, ukipitisha yanazama tena. Rudi pale. Hiyo dakika, nakuapia, ilinitoa machozi, juu kwa miaka hiyo yote tulikuwa tunaamini albamu ilirekodiwa vibaya.

Rekodi kwa kompyuta biti 24, kilohezi 96, bila kuongeza kitu. Intaneti itakuambia tepu ziokwe kwa joto dogo, hiyo ni ya tepu fulani za magurudumu za miaka ya sabini na themanini ambazo gundi yake hunyonya unyevu, kaseti yako usiipeleke karibu na oveni. CD za kuchomwa nazo rangi yake huharibiwa na jua na joto, tumia programu inayosoma mara nyingi na kulinganisha kama Exact Audio Copy, jaribu kwa kompyuta tofauti, zingine husoma penye zingine zimekataa.

Je, mmiksi upya? Mimi nasema hapana. Zile njia nne tulizitumia kuziba tu penye kaseti ya miksi ilikuwa imekunjika, sekunde nne kwa wimbo wa tano. Gitaa zinakwaruza, dramu iko mbali kama iko choo, na hivyo ndivyo walivyoiacha wakiwa na miaka kumi na tisa, mmoja wao hawezi tena kutoa maoni. Sikuona nani kati yetu ako na haki ya kumrekebisha.

Masta, yaani ile kopi ya mwisho ya kuchapisha, ya santuri si masta ya kupost Spotify. Metali ya siku hizi hubanwa mpaka iwe ukuta, ukipeleka hiyo kwa santuri fundi wa kukata mifereji ya santuri atalazimika kuishusha sauti na utapata kitu kimechoka, kwa hivyo wacha dramu iwe na nafasi ya kupanda na kushuka. Besi ya chini ya hezi 150 hivi iwe katikati, mono, juu ikitofautiana kushoto na kulia sindano inasukumwa juu na kushuka mpaka inaweza kuruka. Matoazi na ile "sss" ya sauti zipunguzwe makali. Kila upande usipite dakika 20 kwa santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 hivi kwa dakika, ukizidisha mifereji inabanana na sauti inapungua. Sisi tulipata dakika 19 na 19, bahati tu. Na karibu na lebo ya katikati sindano inapita mfereji mfupi kwa kila mzunguko kwa hivyo mlio mkali hupotoka pale, ukiweza maliza upande na wimbo mzito wa polepole. Wa kwetu wa dakika tisa ulikuwa tayari wa mwisho upande B, kwa hivyo mpangilio wao haukuguswa.

Kukata kuko kwa njia mbili, kwa sahani ya laka au moja kwa moja kwa shaba. Laka hupakwa fedha, inawekwa nikeli kwa umeme, inatoka nakala ya chuma, kutoka hiyo nyingine, mpaka stempa ambayo ndo hugonga plastiki. Kile kiwanda cha Apollo Masters cha California kilichokuwa kinatengeneza laka nyingi kiliungua Februari 2020 na dunia ikabaki ikitegemea zaidi kampuni moja ya Japani, kwa hivyo fundi akikuambia ngoja, ngoja. Kabla hajakata mwambie kama unataka maneno yachorwe kwa ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, juu baada ya kukata hakuna kurudi. Yetu iko na jina la utani la mpiga besi.

Kiwanda utachagua kwa mfuko wako. GZ Media kule Cheki na Optimal kule Ujerumani ni vikubwa, kuna vidogo vingi, na kuna madalali wanaokuunganisha. Dalali mmoja alikaa na pesa yetu ya kwanza wiki tisa bila kutuma faili popote, tulijua tulipouliza kiwanda wenyewe. Uliza kila kitu kwa maandishi: kiwango cha chini cha oda, sampuli ngapi, na ile asilimia ya ziada, kwa sababu viwanda vingi vinaruhusiwa kukuletea hadi 10% zaidi au pungufu na unalipia kilichotoka. Santuri ya gramu 140 inatosha. Gramu 180 ni nzito mkononi lakini haiongezi mlio, inaongeza tu bili ya ndege.

Sampuli zikifika usisikize moja. Sikiza tatu, ukiwa na karatasi, andika dakika na sekunde za kila mlio wa "tik". Tik ikiwa mahali pamoja kwa zote tatu, kosa liko kwa stempa au kukata, kataa. Ikiwa kwa moja tu ni uchafu wa ile moja. Angalia mkono wa pleya pia, ukiyumba ndani na nje kila mzunguko tundu haliko katikati na gitaa zitalia kama zinayeyuka. Kama huna pleya nzuri nenda Kenyatta Market Nairobi, kuna watu wa santuri wako na masikio pia. Sisi sampuli ya kwanza tulikataa, ilituuma juu watu walikuwa wamelipia mapema, tukawaandikia ukweli siku hiyo hiyo na hakuna hata mmoja aliomba pesa irudi.

Kava ni rahisi ukiwa na ya asili, skani kwa doti 600 kwa inchi au zaidi, usiisafishe mpaka ionekane ya jana. Ndani weka karatasi ya maneno ya nyimbo na historia, uandike na wao, sio uwaandikie. Lebo za katikati hazibandikwi kwa gundi, hugongwa pamoja na plastiki ya moto, kwa hivyo usitake rangi za ajabu pale.

Kuhusu mzigo, piga hesabu mapema. Santuri na kava lake ni kama robo kilo, 300 ni kama kilo 75. Wanunuzi wetu wengi wako Ulaya na Marekani, kuzileta zote Kenya ulipe ndege, duti, ada ya IDF ya kuingiza mzigo, VAT ya 16% na ajenti wa forodha, alafu uzirudishe huko moja moja kwa EMS ya Posta, ni kuchoma pesa ya bendi. Tuliacha 220 huko kwa mtu wa kusambaza na kuleta 80. Za hapa tuliuza kwa M-Pesa, za nje kwa Bandcamp, mtandao wa kuuza muziki. Zikifika zisimamishe wima, kamwe usizilaze, na usiziache ndani ya gari, jua la Kisumu la saa saba ndani ya gari iliyofungwa linazikunja kama chapati.

Na kopi za familia, usipeleke santuri peke yake. Nyumba nyingi hazina pleya, na si vizuri kumpa mtu kitu cha mwanawe asichoweza kusikia. Peleka na flashi ya kuchomeka kwa woofa. Mama alipochomeka alituuliza ni wimbo gani kijana wake anasikika zaidi. Ni wa pili upande B, dakika nzima ya kwanza ni besi peke yake. Kwa flashi yake huo ndo tuliuweka namba moja.